Nimefungua poti, mbona seva ya nyumbani haifikiki kutoka nje?

Swali: Niko Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Nyumbani nina laptopu ya zamani niliyoiwekea Ubuntu na Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili na kuyafungua ukiwa mbali). Humo mna picha za familia na karatasi za biashara ya mke wangu. Pia kuna mashine ya kurekodi kamera nne. Intaneti yangu ni ruta ya 4G yenye laini ya simu. Nimefungua poti 443 na 8000 kwenye ruta, nikachukua na jina la DuckDNS (huduma inayoipa anwani ya nyumbani jina la intaneti). Nikiwa sebuleni kila kitu kinafunguka. Mke wangu akiwa Kasumbalesa, au mtoto anayesoma Kolwezi, hawapati kitu. Nimekosea wapi?

Jibu: Papa, kwenye ruta hukukosea kitu. Kizuizi kiko mbele ya ruta, mahali ambapo mkono wako haufiki. Lakini usinisadiki tu, pima kwanza. Ni kazi ya dakika tano.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (nyingi za 4G ziko 192.168.8.1, nyingine 192.168.0.1 au 192.168.1.1) utafute anwani ya WAN, ile ambayo ruta imepewa na kampuni ya simu. Iandike pembeni. Halafu kwenye laptopu toa amri hii:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Itakuonyesha anwani ambayo dunia ya nje inaiona. Zikifanana, una anwani ya wazi, na tutatafuta kosa kwingine. Zikitofautiana, hasa ile ya WAN ikianza na 10, au na 100 ikifuatwa na namba kati ya 64 na 127, basi uko nyuma ya NAT ya kampuni, ile wanayoiita CGNAT. Kwa laini ya simu jibu ni hilo karibu kila mara. Starlink nayo, kwa vifurushi vya kawaida, hufanya vivyo hivyo kwenye IPv4.

Sababu ni uchache. Anwani zote za IPv4 ni 4,294,967,296, na hifadhi kuu ya dunia ya kugawa imekwisha zamani. Mwaka 2012 kipande cha 100.64.0.0/10 kilitengwa ili kampuni ziweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama lupango, yaani kiwanja kimoja cha nyumba za kupanga, chenye wapangaji mia na geti moja. Mpangaji akitoka, mlinzi anakumbuka sura yake na kumrudisha chumbani kwake. Mgeni akija na namba ya lupango tu, bila kuitwa na mtu, mlinzi hajui ampeleke chumba gani, anamfungia nje. Wewe umefungua mlango wa chumba chako, tena vizuri, ila geti si lako. Na DuckDNS haikudanganyi: inawaleta watu mpaka kwenye geti hilo hilo.

Mbona sebuleni inafunguka? Kwa sababu pale unaandika 192.168.8.20 au namba kama hiyo, na maneno hayatoki hata nje ya nyumba. Ukitaka kupima kama kitu kinafikika kutoka nje, zima Wi-Fi ya simu na utumie mega zake (intaneti ya laini yenyewe), ikiwezekana za laini ya kampuni nyingine. Kipimo cha ndani ya nyumba hakithibitishi lolote.

Unaweza kuiomba kampuni anwani. Wakikukubalia, angalia jina la kitu unachonunua. Ukiomba “IP fixe” unaweza kupewa 10.x isiyobadilika, ambayo haifai kitu. Sema “IP publique fixe”, na ukishalipa rudia kipimo cha juu kabla ya kutia sahihi popote. Kwa kawaida huduma hiyo iko kwenye mikataba ya biashara, na bei yake ni ya biashara. IPv6 nayo inaweza kukutoa, kama ruta inakupa anwani inayoanza na 2. Lakini mgeni naye awe na IPv6, na simu ya mtoto kule Kolwezi hakuna anayekuahidi kuwa itakuwa nayo. Mimi nisingeijengea nyumba juu yake.

Njia ninayokushauri ni kugeuza mwelekeo: laptopu ndiyo itoke, ishike mkono wa kompyuta ndogo iliyo nje yenye anwani ya wazi, na isiuachie. Mlinzi wa geti hana tatizo na anayetoka.

Kabla ya hapo, futa zile poti ulizofungua, na UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe, uizime. Ile 8000 ya kamera ndiyo inayonitisha zaidi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizikamata kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu mengi, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo zikatumiwa kuiangusha Dyn, kampuni ya majina ya intaneti, tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Leo CGNAT inakukinga bila kukusudia. Siku kampuni itakapokupa anwani ya wazi, kinga hiyo itaondoka kimya kimya na kamera zako zitakuwa barabarani.

Kodi seva ndogo ya mtandaoni, VPS, yenye Debian au Ubuntu. MB 512 za RAM zinatosha, na bei ni kati ya dola 4 na 6 kwa mwezi. Ukitaka kulipa kwa kadi ya Visa ya kulipia kabla, uliza kwanza kama muuzaji anaikubali. Kuhusu mahali ilipo, usichague kwa kuangalia ramani. Wauzaji wengi wana anwani ya majaribio kwa kila mji. Zipigie ping (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi) ukiwa Kamalondo, mchana na usiku, uchukue yenye muda mfupi na isiyopoteza vifurushi, yaani vipande vya maneno yanayosafiri.

Pande zote mbili weka WireGuard, programu inayochimba handaki la siri kati ya mashine, kisha utengeneze funguo:

```
sudo apt install wireguard
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key
```

Ufunguo wa siri hautoki kwenye mashine yake. Wa wazi ndio unaopelekwa upande wa pili. Kwenye faili la `/etc/wireguard/wg0.conf` la VPS, chini ya kichwa cha Interface unaandika Address = 10.77.0.1/24, ListenPort = 51820 na ufunguo wake wa siri; chini ya Peer unaweka ufunguo wa wazi wa laptopu na AllowedIPs = 10.77.0.2/32. Laptopu inapewa Address = 10.77.0.2/24 na ufunguo wake, na chini ya Peer mistari hii (203.0.113.10 ni ya mfano, weka ya VPS yako):

```
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa VPS)
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo watu wanayoiharibu. AllowedIPs ukiinakili mahali ikiwa 0.0.0.0/0, intaneti yote ya laptopu itapitia VPS, pamoja na kupakua masasisho, na mega zitakwisha hujui zimeenda wapi. Na ile 25 ni sekunde: mlinzi wa geti husahau sura haraka, wakati mwingine baada ya sekunde 30 za ukimya, kwa hiyo laptopu inampungia mkono kila baada ya sekunde 25. Gharama yake ni ndogo. Kifurushi kimoja ni baiti 60 hivi, mara 3,456 kwa siku. Ukijumlisha na kupeana mikono upya kila dakika mbili, bado uko chini ya MB 20 kwa mwezi.

Washa pande zote kwa `systemctl enable --now wg-quick@wg0`, halafu andika `wg show`. Unatafuta mstari wa “latest handshake”. Ukiwepo na sekunde zinahesabika, umefika. Usipokuwepo, angalia kwanza kama UDP 51820 imefunguliwa kwenye VPS, na si ndani ya ufw (kizuizi cha ndani ya VPS yenyewe) tu: wauzaji wengi wana kizuizi cha pili kwenye ukurasa wa akaunti, na hicho ndicho husahaulika. Kisha angalia kama hukubadilishana funguo kimakosa. (Na ufw yenyewe, ruhusu poti 22 kabla ya kuiwasha. Ukianza kuwasha utajifungia nje ya seva yako.)

Kuna kosa la tatu, na kwa umeme wetu huu utakutana nalo. Kila salamu ya WireGuard hubeba saa, na VPS hukataa salamu yenye saa ya nyuma kuliko ya mwisho iliyoiona, ili mwizi asirudie salamu ya jana. SNEL, kampuni yetu ya umeme, ikikata, na laptopu ya zamani ikiwa na betri ya saa iliyokufa, inaamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Funguo ni sahihi, njia iko wazi, na VPS inanyamaza tu. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Andika `timedatectl`: ukiona tarehe ya ajabu, umempata mchawi. Hakikisha saa inasawazishwa kutoka mtandaoni, na kwa kuwa AllowedIPs yako ni finyu, maombi ya saa yanatoka nje moja kwa moja bila kusubiri handaki. Ikishajirekebisha, handaki hurudi lenyewe. Betri ya saa kwenye laptopu nyingi za zamani ni CR2032 au inayofanana nayo, yenye waya mfupi, ibadilishe. Raspberry Pi 4 haina saa kabisa, kwa hiyo huko jambo hili ni la kila siku.

Na kosa la nne lina dalili yake ya pekee: handaki linapatikana, ukurasa wa kuingia unafunguka, lakini picha kubwa zinaganda nusu. Hapo vifurushi ni vikubwa kuliko njia ya 4G. Andika MTU = 1280 chini ya Interface pande zote mbili, uwashe upya.

Sasa, nani anaingia? Umeniambia mke na mtoto. Kwa watu wachache wa nyumba moja, sioni sababu ya tovuti ya wazi, jina wala cheti cha https. Weka programu ya WireGuard kwenye simu zao: ya mke 10.77.0.3, ya mtoto 10.77.0.4, kila simu na ufunguo wake, na kila moja uiongeze kama Peer kwenye VPS. Msitumie faili moja kwa simu mbili. VPS hukumbuka mahali pamoja tu kwa kila ufunguo, basi simu hizo zitanyang'anyana, huyu akipata yule anakatika. Faili la simu (linaandikwa kama la laptopu, kwa anwani na ufunguo wake) unaligeuza kuwa picha ya kuskani kwa `qrencode -t ansiutf8 < simu.conf`, naye anaelekeza kamera kwenye skrini. Akiwa Kolwezi unaweza kumtumia picha hiyo, lakini ina ufunguo wa siri ndani yake, kwa hiyo aifute akimaliza.

VPS inatakiwa ipitishe maneno kutoka simu kwenda laptopu. Weka `net.ipv4.ip_forward=1` ndani ya `/etc/sysctl.d/`, na kama unatumia ufw ongeza `ufw route allow in on wg0 out on wg0`, maana ufw kwa kawaida hukataa kupitisha. Nextcloud nayo italalamika kwamba jina halijulikani: ongeza 10.77.0.2 kwenye trusted_domains ndani ya config.php. Kuanzia hapo mtoto anafungua http://10.77.0.2, na asiogope kukosa ile https. Handaki lenyewe limekwisha kufunga maneno.

Kamera zinahitaji hatua moja zaidi, kwa sababu mashine ya kurekodi haina WireGuard. Laptopu iwe daraja: nayo ipewe ip_forward, na wg0.conf yake iongezwe mstari huu chini ya Interface, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao badala ya enp3s0:

```
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.77.0.0/24 -o enp3s0 -j MASQUERADE
```

PostDown ni mstari huo huo, -A ikiwa -D. Bila MASQUERADE, mashine ya kamera inapokea ombi kutoka 10.77.0.3, inapeleka jibu kwa ruta, na ruta haijui 10.77 ni nani. Jibu linapotea. Kwenye VPS, AllowedIPs ya Peer ya laptopu inaongezewa anwani ya mashine ya kamera, na kwenye simu AllowedIPs ya Peer ya VPS pia. Kama Nextcloud yako iko ndani ya Docker, jua kwamba Docker hufunga upitishaji kwenye laptopu. Ruhusu wg0 kwenye mnyororo wa DOCKER-USER.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata mafundi. Ruta za mfukoni za 4G zilizojaa mjini na mpakani nyingi zinatumia 192.168.8.1, sawa na yako. Mke wako akiwa Kasumbalesa kwenye Wi-Fi ya ruta kama hiyo, akaitafuta kamera ya 192.168.8.30, simu inaweza kudhani iko humo chumbani na isiitafute kwenye handaki. Badilisha mtandao wa nyumbani mapema uwe kitu kisicho cha kiwandani, mfano 192.168.73.0/24, kamera ziwe 192.168.73.30. Ni usumbufu wa jioni moja, na usipoufanya leo utaufanya baadaye ukiwa umekasirika.

Angalia na hesabu ya mega. Kamera kwenye mkondo mkubwa wa Mbit 4 kwa sekunde inakula GB 1.8 kwa saa. Mkondo mdogo wa kbit 512 ni kama MB 230. Na unalipa mara mbili: zinatoka kwenye kifurushi cha nyumbani, zinaingia kwenye cha anayetazama. Weka mkondo mdogo kwenye simu zote. Kwa picha, kinachoamua ni kasi ya kupandisha ya nyumbani kwako. Ikiwa ni Mbit 2, picha ya MB 4 itachukua sekunde 16, hata kama Kolwezi wana faiba.

Ikiwa siku moja wateja wa mke wako watahitaji kuingia bila kuweka programu, hapo ndipo jina na cheti. Nunua jina, rekodi yake ya A ielekee VPS, fungua 80 na 443 kwenye VPS, weka Caddy, programu inayopokea wageni wa wavuti na kuwapeleka kwenye laptopu. Faili lake zima ni hili, ikiwa Nextcloud iko poti 80:

```
picha.jinalako.com {
    reverse_proxy 10.77.0.2:80
}
```

Caddy yenyewe inaomba cheti cha Let's Encrypt na kukifanya upya. Usiiwashe kabla jina halijaelekea mahali pake: majaribio matano yakishindwa ndani ya saa moja, utaambiwa usubiri. Kwenye config.php ongeza jina hilo kwenye trusted_domains, 10.77.0.1 kwenye trusted_proxies, na 'overwriteprotocol' => 'https'. Ukiusahau huo wa mwisho, kwenye kivinjari utaingia vizuri lakini programu ya simu itakwama pale pa kutoa ruhusa. Kamera zibaki kwenye handaki, hata wateja wakiwa elfu.

Kuna wanaokwepa VPS. Tailscale inategemea WireGuard hiyo hiyo, akaunti ya matumizi binafsi ni ya bure, na kwa asiyependa kuandika mafaili inafaa sana. Pande zote mbili zikiwa nyuma ya CGNAT huenda ikapitia seva zao za kati na kasi ikashuka. Anwani zake nazo zinatoka kwenye 100.64.0.0/10, kwa hiyo usizichanganye na ile ya WAN uliyoandika pembeni. Handaki la Cloudflare ni la bure pia, lakini linataka jina lako liwe kwao, linakataa chochote kinachopandishwa kwa mpigo mmoja kikizidi MB 100, na maneno yanafunguliwa kwenye mashine zao kabla ya kufika kwako. Kwa karatasi za biashara, dola 5 za VPS naziona rahisi.

Umeme. Laptopu ina betri yake, ndiyo maana ni seva nzuri kwa mji huu kuliko kompyuta ya mezani; weka HandleLidSwitch=ignore kwenye `/etc/systemd/logind.conf` ili isilale ukiifunga. Ruta ndiyo huzima kwanza, na laptopu hai bila ruta haina maana. Ruta ya volti 12 na ampea 1 haizidi wati 12, laptopu ikiwa imetulia ni 15 hadi 20. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ina Wh 1,200. Usiimalize zaidi ya nusu, unabaki na 600. Kwa wati 30 ni kama saa 20, pungufu kidogo kama unapitia inveta. Ruta usiipitishe kwenye inveta. Ipe volti 12 kupitia kidhibiti cha volti, maana betri inayochajiwa hupanda mpaka 14 na zaidi, na si kila ruta inavumilia.

Ukimaliza, usipime ukiwa umekaa mbele ya skrini. Zima kila kitu kwenye ukuta, laptopu pamoja na betri yake, kama vile usiku mzima haukuwa na umeme. Rudisha umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha laptopu tu (nyingi haziwaki zenyewe), usiguse kibodi, toka mpaka barabarani na mega za simu yenye WireGuard. Ndani ya dakika tano http://10.77.0.2 iwe imefunguka. Isipofunguka, ingia VPS ukiwa hapo hapo barabarani uangalie `wg show`: kama salamu ya mwisho ni ya kabla ya kuzima, rudi kwenye saa ya laptopu, kama ni ya sasa hivi, handaki ni zima na Nextcloud ndiyo haijaamka.